Boti ya matembezi, kazi za serikali na polisi wa kijijini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara pwani ya Mtwara

Nilikuwa mtendaji wa kijiji kimoja cha pwani hapa Mtwara kwa miaka 11. Nilipoacha, nikanunua boti ya fiba ya futi 22 na mashine ya farasi 15, nikawa natembeza watu baharini. Maswali hayakuisha, yalihama tu: zamani yaliulizwa ofisini, sasa yanaulizwa mchangani na mtu aliyeshika viatu mkononi. Kijana anauliza kazi, mgeni anauliza boti, mama anauliza mwanawe amepelekwa kituo gani. Nimeyaandika kama yanavyokuja.

Nataka kwenda kutembea baharini na watoto Jumapili. Kwani lazima niripoti kwa mtu?

Hakuna kibali cha kupunga upepo, usijali. Lakini kijiji cha pwani kina wenyewe. Ukiegesha gari chini ya miti ya mikungu na kuanza kushusha ndoo ya barafu, watu watatu wameshakuona na mmoja ameshampigia simu mwenyekiti wa kitongoji. Salimia kwanza. Mjini Mtwara jambo hili halina uzito. Ukishavuka kwenda ng'ambo, rasi ya Msangamkuu, lina uzito sana.

Kisha uliza diko, yaani mahali vyombo vinapotua, liko wapi na nani anashika daftari. Madiko mengi yana kikundi cha wavuvi cha kulinda rasilimali, ambacho kila mtu anakiita BMU. Waachie jina la nahodha, idadi ya watu chomboni, mnakoelekea, saa ya kurudi na namba ya simu ya ndugu aliyeko nchi kavu. Kama daftari hakuna, mwambie mtu ambaye jua litazama bado akiwa pale pale: mchoma pweza, fundi wa kukalafati, mzee wa kusuka dema. Sisi tunaita kuaga.

Kila mteja wako anasema unasisitiza sana kuaga. Kuna nini?

Kuna Julai moja. Nilichukua abiria 4 kwenda kutafuta nyangumi nje ya rasi ya Msangamkuu. Nyangumi wale wenye nundu hupita pwani hii kati ya Julai na Novemba, na siku ile walikuwa wameonekana asubuhi. Kusi, upepo wa kutoka kusini, ilikuwa inavuma, si kali, lakini kusi ni kusi. Petroli nilinunua ya dumu kwa haraka, sikuikagua. Sikumuaga mtu, niliona naondoka kwa saa mbili tu, na mwenyeji hujiona hahitaji kuaga kwao.

Tulipotoka nje ya rasi mashine ilikohoa mara mbili, ikazima. Nikafungua plagi, nikaikausha kwa fulana, nikavuta kamba mpaka kiganja kikachubuka. Mafuta yalikuwa na maji. Nikatupa nanga, kamba ikaisha yote na nanga inaning'inia tu, maana nje kidogo ya pale bahari hushuka ghafla. Kafi tulikuwa nalo moja. Mkondo na upepo vyote vinaelekea kaskazini, na sisi tukaelekea huko.

Aliyetuokoa ni mama anayekaanga pweza pale dikoni. Magharibi alipokuwa akifunga genge aliona kandambili zangu bado ziko chini ya mkungu. Akakumbuka kunisikia nikitaja nyangumi na rasi. Akampigia mwenyekiti wa BMU, naye akapiga simu polisi, lakini boti iliyotoka ilikuwa ya wavuvi wa ringineti, wavu mkubwa wa kuzungushia samaki, waliokuwa wanajiandaa kwenda kazini. Walitukuta saa 4 usiku, tumeshasukumwa mbali kuelekea Sudi. Abiria mmoja hajanisalimia hadi leo, na simlaumu.

Tangu siku hiyo petroli ya dumu naimimina kwanza kwenye chupa tupu ya maji inayoonyesha ndani, naiacha dakika chache. Maji hukaa chini, utaona mstari.

Boti ya uvuvi inaweza kunibeba kama abiria?

Hapa ndipo watu wengi wanachanganya. Namba unayoiona ubavuni mwa mtumbwi au boti ya uvuvi inatokana na usajili wa uvuvi, unaopitia halmashauri chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Hiyo inaruhusu kuvua. Kubeba watu kwa malipo ni habari nyingine: chombo kinatakiwa kisajiliwe na kukaguliwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, ambalo lilichukua mambo ya majini kutoka SUMATRA, mamlaka ya zamani ya usafiri, mwaka 2018. Mkaguzi anaangalia hali ya boti, idadi ya watu inayoruhusiwa, jaketi okozi na vifaa vya kuzimia moto.

Ukweli wa mchangani ni kwamba nusu ya watu wanaokwenda kutembea wanapanda boti za kaka, shemeji au jirani ambazo kesho alfajiri zinakwenda kuvua. Mimi siwezi kukukataza kupanda boti ya shemeji yako. Naweza kukuambia uhesabu watu na uhesabu jaketi okozi, na kama hesabu hazilingani, mbaki wachache. Jaketi lililofungiwa kwenye mfuko chini ya omo, mbele ya boti, halihesabiki.

Watoto wavae hata maji yakiwa shwari?

Wavae.

Ni miezi gani bahari ni nzuri kwa matembezi?

Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, hushika kuanzia Desemba hadi Machi hivi, kusi huanza Aprili au Mei na kukaza Juni na Julai. Katikati kuna maleleji, pepo zinapobadilishana zamu, na Oktoba na Novemba maji huwa mororo kama mafuta. Kwa bahati mbaya huo ndio msimu wa korosho. Mabaharia wangu wote wawili wana mikorosho, na minada ikianza hata ukiwalipa mara mbili hawaji. Wapangaji wa safari kutoka Dar es Salaam hawaelewi hili mpaka wafike wakute boti iko pwani na nahodha yuko shamba anaokota.

Muhimu kuliko mwezi ni maji. Bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa kwetu huzidi mita 3. Ukienda Msangamkuu maji yakiwa yamejaa ukasahau saa, utarudi ukute boti imekaa mchangani kama ng'ombe aliyelala, nanyi mngoje maji yarudi. Saa za maji husogea karibu dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa za juzi hazikusaidii leo. Muulize mvuvi yeyote, atakujibu bila kutazama saa.

Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa sikilizeni. Vimbunga si vya kila mwaka huku, lakini wazee wa Lindi bado wanahesabu miaka kwa kimbunga cha Aprili 1952. Mwaka 2019 Kenneth alipokuwa anakuja, watu wa pwani ya Mtwara walihamishwa, akaishia kupiga Cabo Delgado, ng'ambo Msumbiji. Mei 2024 akaja Hidaya. Siku ya tahadhari mimi boti naivuta juu ya magogo na sipokei simu.

Msimbati na Ruvula tunaingia tu?

Hapana. Eneo lile liko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kilomita za mraba 650 hivi, na vijiji vimo ndani yake. Kuna ada ya kuingia, na raia na mgeni hawalipi sawa. Unapewa namba ya malipo, ile inayoanza na 99, unalipa kwa simu au benki. Usimpe mtu fedha taslimu getini hata akiwa na sare na tabasamu.

Matumbawe usiyakanyage, makome usibebe. Na kama unaona miundombinu ya gesi, hiyo si sehemu ya kupigia picha. Walinzi watakufuata, na maelezo utatoa ukiwa umelowa.

Nimeibiwa mashine ya boti. Naanzia wapi?

Kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji usiku huo huo, kwa sababu mashine haisafiri mbali usiku. Mara nyingi imefichwa kwenye mikoko au shamba la jirani, na vijana wa ulinzi shirikishi wanajua njia za panya. Asubuhi nenda kituo cha polisi ukafungue taarifa upewe RB, yaani namba ya taarifa yako kituoni. Bila RB hata ikipatikana Masasi utashindwa kuthibitisha ni yako.

Hapo utaulizwa namba ya mashine. Iko kwenye kibati kidogo karibu na mahali mashine inaposhikana na boti. Asilimia kubwa ya wenye boti hawajawahi kuisoma. Inuka sasa hivi kaipige picha, pamoja na risiti, mtumie mkeo au mumeo kwenye simu yake. Mimi nikiwa ofisini nilishuhudia wanaume wawili wakigombea mashine moja, kila mmoja anaapa kwa watoto wake, mpaka mke wa mmoja alipotoa picha.

Mkaguzi kata ni nani? Ndiye polisi jamii?

Ni askari mwenye cheo cha mkaguzi au mkaguzi msaidizi, aliyepangiwa kata. Kazi yake ni kukaa na watu: mikutano ya kijiji, shuleni, madikoni, ugomvi wa mipaka kabla haujafika kwenye mapanga. Wengi bado wanamwita polisi jamii, na si kosa sana, maana mpango umetoka humo.

Naomba niseme hili. Baada ya vurugu za mwaka 2013 za kupinga bomba la gesi kwenda Dar es Salaam, kulikuwa na muda ambao askari akiingia kwenye genge la chai kwetu, genge zima linanyamaza na kijiko kinasikika. Haikubadilishwa na hotuba. Mkaguzi mmoja alikuwa anakuja kila wiki, anaagiza chai na mhogo, analipa, anaondoka bila kumuuliza mtu chochote. Mwezi wa tatu mzee mmoja akamhamia meza, akamwambia baruti za kuvulia samaki zinapitia wapi.

Nikimwona mtu anavua kwa baruti nifanye nini?

Usimfuate na boti yako. Mlipuko wenyewe ni hatari, na mwenye baruti hana cha kupoteza. Angalia chombo kina rangi gani, kimeelekea wapi, saa ngapi. Wapigie BMU, afisa uvuvi, au polisi 112. Ndani ya hifadhi, wapigie askari wa hifadhi. Sauti ya baruti majini hufika mbali, ukiwa umezamisha kichwa utadhani imepiga chini yako. Usibabaike, panda botini uondoke.

Mgambo au sungusungu anaweza kunikamata?

Anaweza kukushikilia ukionekana unatenda kosa, kama raia yeyote anavyoruhusiwa na sheria, kisha akufikishe polisi bila kuchelewa. Hana mamlaka ya kukufungia stoo ya kijiji usiku kucha, kukuchapa, wala kukutoza faini aliyoitunga mwenyewe. Faini ya kijiji lazima itokane na sheria ndogo iliyopitishwa, na utolewe risiti ya mashine. Pesa isiyo na risiti haijafika serikalini.

Nikiwa mtendaji nilikuta kijana amefungwa kamba kwenye mnazi kwa madai ya kuiba nazi 6. Nilimfungua. Nililaumiwa wiki nzima. Lakini kazi ya mtendaji, imeandikwa hivyo kwenye kila tangazo la ajira yake, ni kuwa mlinzi wa amani, na amani ya yule kijana nayo ilihesabika.

Mwanangu amekamatwa. Dhamana ni shilingi ngapi?

Dhamana haiuzwi. Liko bango lenye maneno hayo kwenye karibu kila kituo, ukutani nyuma ya askari anayekuhudumia. Nenda na kitambulisho, na barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji, muulize mkuu wa kituo kosa ni lipi. Sheria inataka mtuhumiwa aachiwe kwa dhamana au afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Yapo makosa yasiyo na dhamana, kama mauaji na unyang'anyi wa kutumia silaha, hayo utaambiwa. Kama ameumizwa, dai PF3, fomu ya polisi ya matibabu, na umpeleke zahanati.

Nenda kwa upole, mama. Sauti ya juu kaunta haijawahi kumtoa mtu.

Mbona tukielekea Ruvuma tunakaguliwa sana?

Mto ni mpaka. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya kilishambuliwa na watu waliovuka kutoka Msumbiji, na watu wa kule wanakumbuka usiku ule vizuri sana. Beba kitambulisho, jibu maswali, usipige picha askari. Kama matembezi yako si ya lazima, mdomo wa mto uangalie ukiwa upande wa Msimbati.

Nataka kuwa mtendaji wa kijiji kama wewe. Nifanyeje?

Usijiite kama mimi, nilianza zamani na masharti yalikuwa mengine. Siku hizi unatakiwa uwe na kidato cha nne au cha sita, pamoja na astashahada ngazi ya 5 katika fani kama utawala, sheria, maendeleo ya jamii au usimamizi wa fedha, kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo au chuo kingine kinachotambuliwa. Tangazo hutolewa na mkurugenzi wa halmashauri akishapata kibali, na maombi yanapita kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ule vijana wanaouita Ajira Portal.

Soma tangazo lote, mpaka mwisho. Umri usizidi miaka 45. Barua ya maombi isainiwe; wapo wanaokosa kwa saini tu. Weka vyeti vyenyewe, maana hati za matokeo hazipokelewi. Wadhamini 3, uwaambie mapema kwamba umewaandika.

Kikwazo kikubwa cha vijana wa huku ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Ahmadi, cha kidato cha nne Ahmad, NIDA Hamadi, na mtu ni mmoja anayevuliwa kofia na kila mtu kijijini. Mfumo haukujui. Nenda kwa wakili urekebishe kabla tangazo halijatoka, kwa sababu likitoka una siku chache tu na yeye ana foleni.

Ukiitwa kwenye usaili kuna wa kuandika wa kuchuja, halafu wa ana kwa ana. Watakuuliza mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya muda gani. Ni miezi 3. Kijiji chako kikiwa hakijakaa mwaka mzima, jibu linabaki miezi 3.

Na mwenyekiti wa kijiji, ile si ajira?

Siyo. Mwenyekiti anachaguliwa kila miaka 5, mara ya mwisho ilikuwa 27 Novemba 2024. Mtendaji ameajiriwa, ana mshahara, na ndiye katibu wa halmashauri ya kijiji. Wakielewana kijiji kinakwenda. Wasipoelewana, muhuri unapotea droo siku unayouhitaji.

Kuna kazi za serikali zinazohusu boti na bahari?

Zipo, na naona vijana wa pwani wanaziruka wakikimbilia za mezani. Afisa uvuvi wa halmashauri. Askari wa hifadhi ya bahari. Wafanyakazi wa bandari. Mabaharia na mafundi wa pantoni, kama inayovusha watu Msangamkuu, ambazo ziko chini ya TEMESA, wakala wa serikali wa ufundi na umeme. Polisi wanamaji nao ni kikosi, ingawa huingii huko moja kwa moja: unaanza na uaskari wa kawaida.

Kwa masomo ya uvuvi huna haja ya kwenda Mbegani kule Bagamoyo. FETA, chuo cha serikali cha uvuvi, wana kampasi hapa hapa Mikindani. Ukitaka ubaharia wa meli, ni Chuo cha Bahari Dar es Salaam. Kujua kuogelea na kujua upepo ni mtaji, lakini mtaji usio na cheti unakuacha kibarua. Ninaye baharia anayesoma mawimbi kuliko mtu yeyote ninayemjua, na kila tangazo likitoka ananiomba nimsomee, tunafika kwenye sifa, tunanyamaza.

Na upolisi?

Jeshi la Polisi hutangaza lenyewe na lina mfumo wake wa maombi. Umri, elimu na urefu vinatajwa kwenye kila tangazo na hubadilika, kwa hiyo usitegemee alichoambiwa binamu yako mwaka juzi.

Kuna mtu anasema nimpe laki 5 anipatie nafasi.

Hana nafasi. Kuomba kazi ya umma hakulipiwi. Piga 113, TAKUKURU, ni bure. Nimewahi kuona mzee akiuza magunia yake yote ya korosho kwa ahadi kama hiyo. Mtoa ahadi alibadilisha laini, na mtoto bado anasukuma bodaboda.

Boti imepitiliza saa ya kurudi. Nifanye nini?

Usingoje asubuhi. Mpe nusu saa, mpigie simu nahodha, kisha mwenyekiti wa BMU au mtendaji, kisha polisi 112 na Zimamoto na Uokoaji 114. Taja rangi ya boti, watu wangapi, wameelekea wapi na waliondoka saa ngapi. Waulize wavuvi wanaorudi kama wameiona, na wanaotoka wapitie njia ile. Kumbuka upepo: kusi ikivuma, watafuteni kaskazini ya mahali walipokuwa, sio pale pale.

Mtu mmoja abaki mchangani na tochi. Usiku, ukiwa majini, pwani yote ni weusi mmoja tu, na taa inayotikiswa ndiyo inayokuonyesha mlango uko wapi.